Wakristo wa kwanza wasio Wayahudi walitoka wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafundisha vijana wa kipaimara parokiani kwetu. Juzi kijana mmoja aliniuliza: Yesu alikuwa Myahudi, mitume wote Wayahudi, Maandiko yao ya Kiyahudi, ilikuwaje Wagiriki, Warumi na watu wa Afrika, waliokuwa na miungu yao, wakaifuata imani hii bila jeshi wala serikali nyuma yake? Nikamjibu kwamba ni kazi ya Paulo, Mtume wa Mataifa. Akauliza, "Peke yake?" Nikakosa la kusema. Je, watu hao walilazimika kuwa Wayahudi kwanza? Ni nini kilichowavuta? Na ni kweli kwamba bila Kaisari Konstantino Ukristo ungebaki kikundi kidogo tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe kijana huyo pongezi zangu, maana aliposema "peke yake?" aligusa penyewe. Jibu fupi ni hapana. Paulo alipoanza kazi yake, tayari walikuwapo watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, waliobatizwa, na waliowahubiria ni watu ambao hata majina yao hatukuachiwa. Alichofanya Paulo ni kingine, nacho ni kikubwa: mlango aliukuta umeshafunguliwa, akasimama kizingitini asikubali ufungwe.

Anzia Matendo ya Mitume 11:19–21. Ni mistari mitatu tu, na tunaipita haraka kwa sababu imebanwa kati ya habari ya Kornelio na habari ya Barnaba. Baada ya Stefano kupigwa mawe Yerusalemu, waumini walitawanyika. Waliokimbia hasa ni wale wa upande wa Stefano, Wayahudi waliotoka ughaibuni na waliozungumza Kigiriki nyumbani. Mitume wenyewe, anasema Luka, mwandishi wa Matendo, walibaki Yerusalemu. Wakimbizi hao wakafika Foinike, Kipro na Antiokia, wakihubiri kwa Wayahudi wenzao peke yao. Kisha baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walipofika Antiokia wakaanza kusema na Wayunani pia. Basi, hakuna majina. Kirene ulikuwa mji wa Afrika ya kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Libya, wenye Wayahudi wengi. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuwapelekea Mataifa habari za Yesu kwa makusudi walikuwamo Wayahudi kutoka bara letu. Hawakutumwa na mtume yeyote wala hawakuwa na barua ya askofu. Yerusalemu walisikia baadaye, ndipo wakamtuma Barnaba akaangalie kunani.

Antiokia haukuwa mji mdogo. Katika dola nzima ya Kirumi ulipitwa na Roma na Aleksandria tu, nao ulikuwa kando ya mto Orontes, mahali ambapo leo ni mji wa Antakya, Uturuki. Njia za biashara za kutoka mashariki zilishukia hapo kuelekea baharini. Kulikuwa na Wayahudi wengi, na Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne hiyohiyo, anasema ibada zao zilikuwa zikiwavuta Wagiriki wengi wa mji. Hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Tazama pia viongozi wa kanisa hilo katika Matendo 13:1: Barnaba wa Kipro, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio Mkirene, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na mwisho kabisa Sauli, ambaye ndiye Paulo. Yaani Paulo ni wa mwisho kwenye orodha, na ni kanisa hilo lililomtuma safari yake ya kwanza.

Sasa, kwa nini Wagiriki wale walisikiliza? Watu wengi hudhani mhubiri aliingia mjini, akasimama sokoni, akaanza na watu wasiojua lolote juu ya Mungu wa Israeli. Hilo lilitokea mara chache, na halikuzaa sana. Kule Listra, Paulo na Barnaba walipomponya kiwete, wenyeji walipiga kelele kwa Kilikaonia kwamba miungu imeshuka, wakamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani akaleta mafahali ya kuwachinjia. Ndivyo ilivyokuwa kuanza na watu ambao hamna neno moja la pamoja nao.

Mahali palipozaa ni pembeni ya sinagogi. Karibu kila mji mkubwa wa mashariki ulikuwa na sinagogi, na Maandiko yalisomwa humo kwa Kigiriki, kwa kuwa tafsiri ya Kigiriki ilikuwa imeanza kufanywa Aleksandria tangu karne ya 3 kabla ya Kristo. Mgiriki yeyote angeweza kuingia na kusikiliza, na wengi walifanya hivyo. Matendo ya Mitume yanawaita wachaji wa Mungu. Walipenda kwamba Mungu ni mmoja, walipenda amri zake, siku ya Sabato walipumzika, maskini waliwapa sadaka, lakini hawakuwa wametahiriwa. Kornelio, akida wa Kaisaria, alikuwa wa kundi hilo. Akida wa Kapernaumu katika Luka 7 aliwajengea Wayahudi sinagogi. Lidia, muuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira, naye alikuwa mcha Mungu kabla Paulo hajafika Filipi.

Mambo haya hayamo kwenye Biblia tu, na vijana wako wapaswa kulijua hilo. Kule Akmonia, katika Uturuki ya leo, kumepatikana maandishi ya jiwe yanayomtaja Julia Severa, mama wa ukoo mkubwa wa karne ya 1, aliyewajengea Wayahudi nyumba yao ya sala. Mama huyuhuyu alikuwa kuhani wa ibada ya makaisari! Na kule Aphrodisias jiwe lililopatikana mwaka 1976, la karne kadhaa baada ya Paulo, lina orodha ya Wayahudi, na kando yao wachaji wa Mungu zaidi ya 50, wakiwamo wajumbe 9 wa baraza la mji. Hao ni watu wenye vyeo vyao mjini, wenye kupenda sinagogi, na ambao hawakuvuka mpaka wakawa Wayahudi kamili.

Mpaka wenyewe ulikuwa mkali. Kwa mwanamume mtu mzima, tohara bila ganzi ilikuwa maumivu na hatari, na kwa Wagiriki ilikuwa aibu pia, maana walioga na kufanya mazoezi uchi mbele ya watu. Juu ya hapo kulikuwa na sheria za chakula, ambazo zingemtenga na karamu za ndugu na za wenzake wa kazi. Kwa hiyo katika kila mji kulikuwa na watu waliompenda Mungu wa Israeli kwa miaka mingi wakiwa wamesimama nje. Mtu alipokuja akawaambia kwamba Masihi wa Israeli amekuja, amekufa na kufufuka, na kwamba kwa ubatizo wanaingia ndani wakiwa watoto kamili wa Abrahamu, bila kisu, unaweza kuelewa kwa nini Matendo yanasema walifurahi.

Hapo ndipo habari ya towashi Mkushi katika Matendo 8 inaponigusa kuliko zote. Alikuwa mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi, ufalme wa mto Nile uliokuwa na makao yake Meroe, katika Sudan ya leo. Alisafiri mamia ya maili kwenda kuabudu Yerusalemu. Lakini Kumbukumbu la Torati 23:1 ilikuwa imeshamkatalia mtu wa hali yake kuingia katika mkutano wa Bwana. Yeye tohara isingemsaidia kitu. Filipo alimkuta garini anasoma Isaya, sura ya 53. Ukigeuza kurasa kidogo tu katika chuo hichohicho unafika sura ya 56, ambapo Mungu anawaahidi matowashi na wageni mahali katika nyumba yake, na jina lililo bora kuliko kuwa na wana na binti. Luka hasemi kama walifika hapo. Anasema walifika penye maji, na yule mtu akauliza, ni nini kinachomzuia asibatizwe. Filipo huyo, kumbuka, alikuwa mmoja wa wale Saba waliochaguliwa kuwasaidia mitume, mwenzake Stefano, wa kundi lilelile lililotawanyika.

Swali lako la pili: walilazimika kuwa Wayahudi kwanza? Hilo ndilo lililokaribia kulipasua Kanisa likiwa bado changa, na waliosema "ndiyo" usiwafanye wabaya mbele ya vijana. Walikuwa na hoja nzito. Mungu alimwambia Abrahamu kwamba tohara ni agano la milele. Yesu mwenyewe alitahiriwa. Kama mtu anataka kuingia katika familia ya Abrahamu, kwa nini asiingie kwa mlango aliouweka Mungu?

Mwaka 48 au 49 hivi walikutana Yerusalemu. Paulo anasimulia kwamba alikwenda na Barnaba, akamchukua na Tito, Mgiriki asiyetahiriwa, ambaye hakulazimishwa kutahiriwa. Yakobo, Kefa (ndiye Petro) na Yohana wakawapa mkono wa ushirika. Katika Matendo 15, Yakobo ndiye anayetoa hukumu: Mataifa wasitaabishwe, ila wajiepushe na vitu vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, vilivyosongolewa (yaani nyama ya mnyama aliyenyongwa), na damu. Angalia jinsi matatu kati ya hayo manne yanavyohusu chakula.

Sababu yake unaiona Antiokia, katika Wagalatia 2:11–14. Hebu itazame meza yenyewe. Waumini walikutana nyumbani kwa mtu, mara nyingi jioni, na mkate wa Bwana uliumegwa katika mlo halisi wa kushibisha, tofauti na tunavyofanya sisi leo. Myahudi mshika sheria akikaa mezani kwa Mgiriki, maswali yanaanza papo hapo. Nyama hii kachinja nani? Damu imetoka? Haikupitia hekalu la miungu? Divai hii haikumiminiwa kwanza mungu fulani? Sisi tunaoishi mtaa mmoja na watu wa dini mbalimbali tunaelewa vizuri uzito wa swali la nani kachinja. Petro alipofika Antiokia alikula nao bila shida. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga kidogokidogo. Wayahudi wengine wakamfuata. Mwisho hata Barnaba, yule aliyewapokea Mataifa hao kwa mikono miwili, akahama meza.

Hakuna aliyesema Wagiriki si Wakristo. Hakuna aliyewafukuza. Walibaki tu na meza yao, na wenzao wakawa na ya kwao. Paulo aliona mara moja mwisho wa jambo hilo: Mgiriki akitaka kula na Petro itabidi atahiriwe, na asipotaka atakuwa mwumini wa daraja la pili maisha yake yote. Akampinga Petro ana kwa ana mbele ya wote. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo saa kubwa kuliko zote katika maisha ya Paulo baada ya njia ya Dameski, kuliko hata hotuba ya Athene. Wala hatuambii kwamba Petro alikubali. Mtu aliyeshinda ubishi huwa hanyamazi namna hiyo, na wanahistoria wengi wanaamini siku ile Paulo alishindwa. Baada ya hapo anaonekana akifanya kazi bila Barnaba, akienda mbali zaidi, Makedonia na Akaya. Hata hivyo hakuwa adui wa tohara yenyewe, maana Matendo yanasema alimtahiri Timotheo, aliyekuwa na mama Myahudi. Alichokataa ni kuifanya kuwa tiketi ya kuingilia.

Sasa rudi kwenye "peke yake". Paulo aliwaandikia Warumi karibu mwaka 57, akiwa Korintho, na wakati huo alikuwa hajawahi kukanyaga Roma. Kanisa lilikuwapo tayari, na imani yake, anasema, ilikuwa ikitajwa duniani kote. Nani alilianzisha? Wasafiri, wafanyabiashara, watumwa waliohamishwa na mabwana zao. Siku Paulo alipofika Italia akiwa mfungwa, meli ilitia nanga Puteoli, bandari iliyopokea ngano ya Misri, na akawakuta ndugu hukohuko bandarini. Yeye ndiye aliyekaribishwa.

Sura ya 16 ya Warumi watu huiruka wakidhani ni salamu tu. Waambie vijana wako waisome taratibu, kila mmoja achukue jina moja. Barua inapelekwa na Fibi, shemasi wa Kenkrea, bandari ya Korintho upande wa mashariki. Imeandikwa kwa mkono wa Tertio, anayejitaja mwenyewe. Wanaosalimiwa kwanza ni Prisila na Akila, mke na mume mafundi wa kushona mahema. Walikuwa wamefukuzwa Roma Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi, wakamkaribisha Paulo nyumbani kwao Korintho, wakahamia Efeso, kisha wakarudi Roma, na Efeso na Roma kanisa lilikutana nyumbani mwao. Kazi yao waliweza kuifanya mji wowote, kwa hiyo na kanisa lilihama nao. Kisha yanafuata majina zaidi ya 20, na mengi ni ya aina waliyopewa watumwa: Ampliato, Persisi, Herme, Nerea. Wapo "watu wa nyumbani mwake Narkiso". Narkiso mwenyewe hasalimiwi, wanaosalimiwa ni watumishi wake.

Nyumba ndiyo ilikuwa njia kuu. Nyumba ya Kirumi ilikuwa na baba, mama, watoto, watumwa, watumwa walioachwa huru waliobaki chini ya bwana wao, na wateja wa biashara. Mwenye nyumba akibatizwa, aghlabu nyumba nzima ilibatizwa. Tuseme ukweli wote: mtumwa katika nyumba kama hiyo hakuulizwa sana. Wala Kanisa halikuwafungulia watumwa minyororo yao, ingawa liliwaketisha meza moja na mabwana zao, na wachache wakawa viongozi. Hayo yote mawili yalikuwapo pamoja, na kijana mwenye akili atakuuliza.

Baada ya Paulo, ushahidi kutoka kwa watu wa nje ni mzuri kuliko wengi wanavyojua. Karibu mwaka 112, Plinius, mtawala wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan akiomba mwongozo. Anasema Wakristo ni wengi, wa kila umri, kila cheo, wanaume kwa wanawake, na kwamba "ugonjwa" huo umetoka mijini ukaenea vijijini. Mahekalu yalikuwa yamekaribia kubaki matupu, na nyama ya dhabihu haikupata wanunuzi. Wachinjaji na wauza mifugo walikuwa wanakosa riziki, na ninashuku hao ndio waliopeleka mashtaka. Plinius alitaka kujua wanafanya nini, akawatesa watumwa wawili wanawake ambao Wakristo waliwaita mashemasi. Alichokipata ni kwamba walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama Mungu, wakaapa kutoiba, kutozini na kutokana amana waliyowekewa, kisha wakala pamoja chakula cha kawaida. Katika mkoa mzima, mtawala wa Kirumi alipotaka kupata ukweli wa Kanisa aliwakamata wanawake wawili watumwa. Hilo linakuonyesha Kanisa lilikuwa mikononi mwa nani.

Mzee Celsus, mwanafalsafa aliyeuchukia Ukristo, aliandika karibu mwaka 178 kwa dharau kwamba dini hii inaenezwa na wasokota sufu, mafundi viatu na dobi wanaozungumza na watoto na wanawake majumbani, na ambao baba mwenye nyumba akiingia wananyamaza. Alikusudia matusi, akatuachia picha ya namna neno lilivyotembea.

Afrika ya kaskazini upande wa Karthago, katika Tunisia ya leo, Wakristo wa kwanza tunaowajua kwa majina ni wanaume 7 na wanawake 5 wa mji mdogo wa Scilli, waliohukumiwa Karthago tarehe 17 Julai mwaka 180. Baadhi yao, kama Nartzalus na Cittinus, wana majina ya kienyeji, si ya Kirumi. Liwali aliwauliza wamebeba nini kwenye kasha lao. Speratus akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Paulo hakufika huko kamwe, lakini barua zake zilikuwa zimefika, kwenye mji ambao hata leo wanaakiolojia hawajaupata ulipokuwa.

Ulichouliza kuhusu kilichowavuta, siwezi kukupa sababu moja. Kwa wachaji wa Mungu ilikuwa ni ule uanachama kamili niliousema. Kwa wengine yalikuwa maponyo na kutoa pepo. Maandishi ya karne za kwanza yamejaa habari hizo na hatuna haki ya kuzifuta kwa kuwa hazitupendezi. Kwa wengine yalikuwa matumaini ya ufufuo, na uhodari wa wafia imani kama Blandina, kijakazi aliyeuawa Lyon mwaka 177. Ila kuna jambo moja ninaloliona kila ninaposoma vyanzo hivi: mtu aliyeingia alipata ndugu wa kumzika na wa kumlishia watoto. Mwaka 251 hivi askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake linatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500, wakati Ukristo bado ni kosa la kisheria. Katika miaka hiyohiyo tauni iliupiga mji wa Aleksandria, na askofu wake Dionisio anasimulia waumini waliowauguza wagonjwa hadi wakafa nao. Naye ni askofu anayewasifu watu wake, sawa, lakini wajane na wahitaji 1,500 wa Roma ni hesabu ya daftari.

Kama unataka kuona kwa macho kanisa la watu hao lilivyokuwa, kuna nyumba ya Dura-Europos, mji wa mpakani kando ya mto Frati, Siria. Karibu mwaka 240 nyumba ya kawaida ya kuishi ilibadilishwa: ukuta kati ya vyumba viwili ukabomolewa wapate ukumbi wa kutosha watu sitini, sabini hivi. Chumba kingine kikawekwa birika la ubatizo, na kuta zake zikachorwa mchungaji mwenye kondoo, Petro akizama majini, na wanawake wakienda kaburini. Sinagogi lilikuwa mitaa michache tu kutoka hapo. Waajemi waliuteka mji mwaka 256 hivi, na nyumba ile ilifukiwa chini ya kifusi cha ngome hadi ilipofukuliwa katika miaka ya 1930. Kwa nje isingemwonyesha mpita njia chochote.

Namalizia na Konstantino. Hati ya uhuru wa dini ni ya mwaka 313. Wakati huo hakukuwa na sensa ya dini, lakini makadirio mengi ya wanahistoria huwaweka Wakristo kwenye sehemu moja ya kumi ya wakazi wa dola, wengine chini ya hapo. Kwa hiyo kilichomfikia Konstantino hakikuwa kikundi kidogo, na wala hakikuwa cha wengi. Baada yake idadi ilipanda sana, na sababu zilichanganyika na vyeo na faida. Mwaka 380 Kaisari Theodosio aliufanya Ukristo wa Nikea, yaani ule uliofuata imani ya mtaguso wa Nikea, kuwa dini ya dola, na mwaka 391 na 392 sheria zake zikapiga marufuku dhabihu za kale. Hapo nguvu ya serikali iliingia kweli, na tusiifiche.

Lakini nje ya mipaka ya Roma Kaisari hakuwa na amri, na huko imani ilipelekwa na mateka. Wagothi walipovamia Kapadokia katika karne ya 3 waliwachukua Wakristo utumwani ng'ambo ya mto Danube; katika uzao wa mateka hao alitoka Ulfila, askofu aliyewatungia Wagothi alfabeti na kuwatafsiria Maandiko. Kule Georgia wanamkumbuka mwanamke mateka aliyemponya malkia. Irlandi, Patrick alifika mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka 16 aliyeibwa na maharamia.

Na Aksum, kwenye nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea, ni Frumentius wa Tiro. Meli yao ilishambuliwa pwani ya Bahari ya Shamu, abiria wakauawa, yeye na mwenzake Aedesius, wakiwa bado wavulana, wakapelekwa kwa mfalme. Frumentius akapanda hadi kuwa mtunza hesabu na nyaraka za ikulu. Mfalme alipofariki na mrithi akiwa mdogo, malkia alimwomba asaidie kuendesha nchi, na hapo akawatafuta wafanyabiashara Wakristo waliokuwa wakipita Aksum, akawahimiza wawe na mahali pa kusali. Mbegu ilikuwa tayari imeletwa na wachuuzi. Baadaye alishuka Aleksandria kuomba askofu, na Athanasius, askofu wa mji huo, akamweka wakfu yeye mwenyewe Frumentius. Mfalme Ezana akabatizwa, na sarafu zake, zilizokuwa na alama ya mwezi mwandamo, zikaanza kupigwa na msalaba.

Karibu mwaka 356 Kaisari Konstantio wa Pili, mwana wa Konstantino, aliyekuwa na ugomvi na Athanasius, alimwandikia Ezana akidai Frumentius arudishwe Misri akachunguzwe upya imani yake. Barua hiyo tunayo. Kanisa la Ethiopia linamwita Frumentius Abba Salama, na liliendelea kupokea maaskofu wake wakuu kutoka kiti cha Athanasius kule Misri hadi katikati ya karne ya 20.